Tulianzia Kitabu cha Pili

Karatasi iliyomwagikiwa mafuta ya taa ina harufu yake, na haitoki hata ukiianika mwezi mzima. Juzi niliinusa dukani hapa Mutomo, nikaanza kucheka peke yangu mpaka mwenye duka akaniuliza kama niko sawa. Niko sawa, nikamwambia. Ni utoto umenipitia.

Mimi nilitolewa shule darasa la tano. Aliyenitoa ni Muthama, ndugu mdogo wa baba, na namtaja kwa jina kwa sababu mpaka leo anakaa kiti cha mbele kanisani. Baba alipozikwa, na mama alikuwa ametangulia, Muthama alisimama mbele ya watu akasema atanisomesha kama mtoto wake. Wiki haikuisha, nikapewa fimbo na mbuzi wake.

Basi nesi mmoja jirani akahama, akamwachia susu, yaani nyanya yangu, karai la vyombo. Chini ya vikombe kulikuwa na kitabu cheusi kilichomwagikiwa mafuta ya taa, chenye maandishi mekundu: KITABU CHA PILI. Cha kwanza hatukukiona. Lakini ndani, jamani! Mji ambao jua halichomozi. Askari wa kike asiye na kivuli anamtafuta muuaji. Muuaji ni zimwi, na zimwi lenyewe linampenda. Hujui kama ni cha polisi, cha mapenzi au cha kutisha. Nilikuwa nasahau hata kula.

Nilisomea malishoni, susu akisokota kamba za kiondo kando yangu, nikimgeuzia kwa Kikamba. Nilipotaja eimu, ndilo zimwi letu, akashtuka. Hadithi za eimu ni za jua likishatua. Ukizileta mchana, mbuzi wanapotea. Akawaza, akatema ugoro.

"Hii si hadithi," akakata shauri. "Hii ni kitabu. Soma."

Kila ukurasa alikuwa na swali.

"Na kivuli chake kilienda wapi?"

"Kilipotea kwa kitabu cha kwanza, susu. Sijui."

"Mimi najua. Alimpa ndugu ya baba yake amtunzie."

Zilibaki kurasa kumi Muthama alipotutokea nyuma ya kichaka. Nilikauka. Madaftari yangu yote alikuwa ameshayachoma, eti yananifanya mvivu. Akakinyakua, akasoma jalada kwa shida, halafu akacheka.

"Kitabu cha pili? We Ndanu, ulifika la tano, sasa unarudi la pili? Hawa mbuzi wamekula akili yako!"

"Mwache," susu akasema, uso mkavu. "Bado anatafuta a, e, i, o, u."

Muthama akakitupa chini akaenda zake. Tulicheka mpaka susu akashika mbavu, na mbuzi wakaingia shamba la watu. Kurasa zile kumi nilizimaliza siku hiyo hiyo. Askari hakupata kivuli chake, lakini alitoka kwa ule mji, na susu akapiga vigelegele kama yuko harusini.

Mwaka jana binti yangu alinitafutia kile cha kwanza. Kivuli kiliibwa na mchawi, mtu wa kando tu. Ndugu wa baba hayumo. Nilirudia kurasa nikidhani nimeruka.

Susu alikufa bila kumkemea Muthama hata siku moja, na nilimwekea kinyongo kwa hilo. Lakini Muthama alikuwa mwanawe, na ndiye aliyemlisha. Kumbe susu alikuwa anamshtaki kila siku, mchana kweupe, mbele ya mbuzi wake mwenyewe.