Siku Nilipopatanisha Magurudumu ya Akiru

Hebu niambie ukweli, wewe ushawahi kutengeneza kitu ambacho hakikuwa kimeharibika, tena ukajisifu? Mimi nimefanya hiyo. Na si nyumbani peke yangu, hapana, aibu yangu ilitoka Lodwar ikafika mpaka Kakuma, ikaonekana na Waturkana na Wasomali na Wakongo na mbuzi pia, na mpaka leo nikipeleka vikapu vyangu sokoni kuna mama mmoja lazima aniite, "Fundi wa difu, ejok?" na mimi najibu ejok, yaani mzima kwa Kiturkana, sasa nitafanya nini?

Ngoja nianze vizuri. Nakaa na mjukuu wangu Akiru, mtoto wa msichana wangu, ako kidato cha pili. Mjomba wake alimletea lori ndogo ya rimoti, si ile ya watoto ya kuvuta na kamba, hii iko na betri, iko na magurudumu manene kama mandazi, inapanda mawe kama mbuzi. Ilikuja imekufa, Akiru akaifufua. Halafu huko Kakuma wakatangaza mashindano: kila mtoto alete gari yake ya rimoti, ibebe chupa ya maji, izunguke mitungi tatu kwa mchanga, na watakaofanya vizuri wachukuliwe likizo yote kusomea ufundi wa magari, magari ya kweli haya, bila kulipa. Nafasi zilikuwa chache. Na huyu mtoto tangu akiwa mdogo anataka hiyo tu. Alikuwa anaanza, "Nyanya, nikipata hiyo nafasi..." halafu hataki kumaliza, kama mtu anaogopa kuhesabu mbuzi yake isije ikafa.

Siku moja kabla ya mashindano, tukiwa tunajitayarisha, lori ikaanza kulia krr, krr, krr. Mota inazunguka lakini gari haiendi. Akiru akasikiliza kidogo akasema, "Nyanya, ni difu."

Difu ni kile kisanduku kidogo katikati ya magurudumu mbili za nyuma, ndani kuna gia ndogo ndogo za meno. Alipofungua tukaona mchanga wetu wa Lodwar umeingia wote, grisi imekuwa uji mweusi, na gia moja meno yamekwisha kama yangu. Akaosha na petroli na mswaki wa zamani, akatoa gia mpya kwa mkebe wake wa vipuri akaiweka, na nyuma yake washa, pete ya chuma nyembamba kama karatasi, akaniambia gia zikikaa mbali zinarukana na kuvunjana meno, zikibanana sana zinachomana. Nikasema ni kama majirani. Akacheka. Halafu akaacha kisanduku wazi mezani, skrubu nne ndani ya kifuniko cha soda, akaenda kwa fundi wa pikipiki kutafuta grisi nzuri. Akiwa mlangoni akasema, "Nyanya, usiguse."

Alisema. Hiyo sikatai.

Mimi niliangalia tu (kuangalia ni kugusa?). Halafu nikazungusha gurudumu moja kidogo na kidole. Mungu wangu! Hii ya kushoto inaenda mbele, ile ya kulia inarudi nyuma! Nikarudia. Hii mbele, ile nyuma. Nikageuza upande mwingine, ni hivyo hivyo. Nikasema maskini mtoto wangu, amefanya kazi mchana wote na bado magurudumu yake yanagombana. Na mimi najua ugomvi, mimi niliolewa mke wa pili, nimekaa kwa boma ambapo mmoja akisema tuhame mwingine anasema tukae, na nani aliwapatanisha wote mpaka mzee akapumua? Si ni mimi?

Sasa mama yangu alinifundisha, chombo cha maziwa cha mbao kikipasuka, unachukua utomvu wa mti, unayeyusha kwa moto na mafuta ya mkia wa kondoo, unatia majivu kidogo, unajaza ule ufa. Ikipoa inakuwa jiwe. Nikawasha jiko. Nikamwaga yote ndani ya difu mpaka ikajaa, nikangoja ikapoa, nikazungusha gurudumu, na zote mbili zikaenda pamoja! Mbele pamoja, nyuma pamoja, kama askari! Nilicheza, nakwambia, mimi na magoti haya nilicheza peke yangu jikoni. Nikarudisha kifuniko, nikakaza skrubu na ncha ya kisu.

Akiru akarudi. "Nyanya, umefunga?"

"Nimefunga, vumbi isiingie."

"Na grisi?"

"Nimeshapaka." (Mafuta ya kondoo si grisi? Tumeyapaka miguuni miaka yote.)

Akaniangalia, lakini alikuwa amechoka, na mimi ndio nimeshona kila kitu kilichoraruka kwa hiyo nyumba, kwa nini asiniamini? Akajaribu lori kwa ile njia nyembamba kati ya nyumba yetu na ua, mahali huwezi kukata kona. Ikaenda mbele, ikarudi nyuma, kimya kabisa. "Haina kelele, Nyanya!" Akanikumbatia. Nikalala kama malkia.

Asubuhi nikavaa shanga zangu zote, zile za shingo mpaka kidevuni, tukaenda Kakuma na jirani yangu Mama Ekai. Uwanja umejaa, hema, viti, meza ya mgeni rasmi na kitambaa cheupe, chupa za chai, sinia ya mandazi. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikamwambia Mama Ekai kwa ile sauti yangu ya kuita ngamia, "Ile difu ya Akiru imepitia mikono yangu!" Mistari mitatu ya viti ikageuka. Mama mmoja Msomali akanipa mkono wa pongezi. Nikaupokea!

Akiru akaitwa. Lori ikatoka, moja kwa moja, nzuri sana. Ikafika kwa mtungi wa kwanza. Akiru akakata kona kwa rimoti, magurudumu ya mbele yakageuka kweli, nimeona na macho yangu, lakini gari yenyewe haikugeuka. Yale ya nyuma yanasukuma tu pamoja, maji yamekalia mgongo, mbele inalima mchanga, na lori inaenda, inaenda, inaenda kwa mgeni rasmi.

"Kata! Kata kona!" watu wanapiga kelele.

"Nimekata!" Akiru anasema, na sauti yake imeanza kuwa ya kulia.

Kijana mmoja akasema, "Hiyo gari imeskia chai!" Ikaingia chini ya meza, ikashika kile kitambaa, kitambaa kikavuta sinia, mandazi yakamwagika mchangani, na mbuzi wa Kakuma wanangoja mwaliko? Walifika kabla mgeni rasmi hajainua viatu. Lori ikagonga mguu wa meza ikakwama, Akiru kwa kuchanganyikiwa akarudisha nyuma kwa nguvu, tukasikia tak! Ikanyamaza.

Mkuu wa mashindano alikuwa fundi Mkongo anaitwa Bahati, mtu mrefu, mpole, hacheki haraka. Akaiokota, akafungua difu pale pale. Akanusa. Akanusa tena.

"Hii iko nanuka kondoo," akasema kwa Kiswahili cha kwao Kongo. "Ni nani alitia hii bintu humu ndani?"

Akiru akaangalia ile kitu nyeusi. Akanusa pia. Halafu akanitafuta kwa macho kule nimekaa, mara moja tu, akaangalia chini.

"Ni mimi, fundi."

"Ni weye? Weye nataka kusomea magari, na unafunga difu kama mulango? Basi haujue kazi yake." Akatoa kalamu, akafungua karatasi ya majina ya watoto wa mashindano, amfute.

Jamani, nilisikia ile kalamu kifuani. Nilikuwa naweza kunyamaza, watu wangesahau, Mama Ekai alikuwa ameshanishika nguo, "Kaa chini wewe!" Lakini nafasi ilikuwa inafutwa na mimi nimekaa hapo na shanga. Nikasimama.

"Fundi, wacha kalamu! Ni mimi!"

Uwanja wote ukanigeukia, hata mbuzi. "Koko," fundi akasema (Wakongo nyanya wanamuita koko), "ulitia nini?" Nikaeleza yote, utomvu, mkia wa kondoo, majivu, vile hii ilikuwa inaenda mbele na ile nyuma nikaona nizipatanishe. Watu walicheka mpaka wengine wakalala mchangani. Mgeni rasmi alifuta macho na kile kitambaa. Mama Ekai akasogeza kiti, ati hanijui.

Fundi Bahati hakucheka. Akamwambia Akiru, "Basi, muambie koko difu inafanya kazi gani, hapa mbele ya watu. Akielewa, nitakupa saa moja utengeneze. Asipoelewa, tumemaliza."

Unaona hiyo? Nafasi ya mtoto sasa iko kwa kichwa yangu, kichwa ambacho shule kilikaa miezi miwili.

Akiru akaja akanishika mkono. Akasema, "Nyanya, tuzunguke mtungi." Mimi ndani karibu na mtungi, yeye nje. Tukazunguka, mimi nakanyaga hatua ndogo kama nimesimama, yeye anakimbia kunifikia. "Nani ametembea sana?" Nikasema, "Wewe." "Sasa hesabu hatua kwa sauti, tuwe sawa, yako ndefu kama yangu, na usiniache mkono." Moja, mbili, tatu, tukaenda moja kwa moja tukapita mtungi, nikageuka kwa nguvu nikajikwaa, shanga zikalia chaka, nikakaa chini kwa mchanga na makalio mbele ya mgeni rasmi.

Na hapo chini ndio nikaelewa. "Kumbe hazikuwa zinagombana!" nikapiga kelele. "Zilikuwa zinangojana, ya ndani inapunguza hatua mpaka ya nje izunguke!"

Mwishowe Fundi Bahati akacheka. Akarudisha kalamu mfukoni.

Akiru akafanya kazi, na watu wamemzunguka. Akakwangua utomvu wangu na sindano, akaosha na petroli, akatoa gia iliyovunjika akaweka ile moja ilikuwa imebaki kwa mkebe, akapima na washa mpaka inazunguka bila kucheza wala kukwama, akapaka grisi ya kweli, na skrubu akakaza kidogo kidogo kwa kuvuka, hii halafu ile ya upande mwingine, ati ukikaza moja mpaka mwisho kifuniko kinainuka na mchanga unaingia. Halafu lori ikazunguka mitungi tatu, pole pole, bila kumwaga maji. Jina la Akiru likaandikwa kwa wale watakaosoma.

Mimi nimekoma. Kitu kikiwa mbele yangu sasa nauliza kwanza, hata kijiko. Jioni hiyo nilimuuliza Akiru, "Kwa nini ulisema ni wewe?" Akasema, "Nyanya, ulikuwa umevaa shanga zako zote." Nikageuza uso, ati vumbi.

Halafu nikakumbuka likizo yote atakuwa Kakuma na mimi Lodwar peke yangu, nikaanza kufagia mahali nimeshafagia, na akajua. Akanishika ile mikono yangu bado inanuka kondoo, akaniahidi kwamba kila jioni atanipigia simu aniambie leo wamefungua gari gani, na kila kitu ndani yake kinafanya kazi gani, na hatakata simu mpaka mimi niseme nimeelewa.