Mtandao Ulipofika Shuleni kwa Mama

Mdogo wangu ana kazi ambayo hata mimi niliyembeba mgongoni siwezi kumweleza jirani akanielewa. Nikiulizwa husema anatengeneza kompyuta, naye akinisikia ananuna. "Dada, sitengenezi kompyuta. Natengeneza kilichomo ndani." Basi nikawa nasema ni daktari wa tumbo la kompyuta, na mtaani wakaridhika kuliko yeye.

Kwa ufupi ni hivi. Lipo shirika linalogawa vikompyuta vya kijani kwa shule za msingi za mbali, vigumu kama sahani za plastiki, vya kuangushwa na watoto visivunjike. Shule nyingi kati ya hizo hazina mtandao. Yeye huandika programu zinazofunguka kama ukurasa wowote wa mtandaoni, ila zinafanya kazi hata mahali ambapo mtandao haujawahi kupita. Mtoto anasoma, anaandika insha, anarekodi sauti, na kila kitu kinabaki humohumo ndani ya kikompyuta chake. Mtandao ukija siku moja, vizuri. Usipokuja, hewala. Ofisini wamempachika jina la Bila Bando, kwa sababu kila mgeni anayefika humwonyesha kazi yake, kisha humalizia, "Na hapo ni bila bando." Nyumbani tumelipokea jina hilo kwa mikono miwili.

Ofisi yao ni vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ngazi inanuka rangi na saruji. Lakini tangu mama aje kuishi nasi, Bila Bando hufanyia kazi sebuleni. Cherehani yangu iko dirishani, meza yake iko kando ya jokofu, na kiti cha mama kiko katikati yetu, ili kila mmoja amwone bila kugeuza shingo. Tatizo lake ni moja: huchomoa waya wa mtandao bila kumwambia mtu, ati anajaribu programu. Mteja ananitumia picha ya gauni analolitaka, picha haifiki, ananilaumu kwa kiburi, kumbe bwana mkubwa anajifanya yuko kijijini. Nimegombana naye kwa hilo mpaka nimechoka.

Mama alikuwa mwalimu katika mojawapo ya shule hizo, ng'ambo ya milima, na hakuna aliyemshinda kusoma kwa sauti. Vikompyuta vilipofika aliviita wageni, akavifunika kitambaa, akaendelea na chaki yake. Kisha siku moja akagundua kwamba akisoma hadithi mara moja tu, kikompyuta kinaweza kuwasomea watoto mara mia bila kukohoa. Hapo hakushikika. Alirekodi kitabu kizima cha darasa la pili, akarekodi na hadithi za kichwani mwake, na katikati ya hadithi unamsikia akimwambia mtoto mmoja atoe kidole puani. Watoto walizihamisha kutoka kikompyuta hadi kikompyuta, mpaka vyote vikawa na sauti yake. Bila Bando alijivunia jambo hilo kuliko cheti chochote alichowahi kupata.

Halafu kiharusi kikampata. Kilichukua mkono wa kulia na kikachukua maneno. Akili ipo, kusoma anasoma, na ukikosea kumwekea mto anakugombeza kwa macho mpaka unaomba radhi. Lakini mdomo hautoi neno, unatoa sauti moja tu, nzito, ambayo sisi wa nyumbani tumeizoea. Tulipokwenda kumchukua tuliwaambia walimu wenzake kwamba anaendelea vizuri, maana ndivyo mgonjwa anavyosemwa.

Baadaye ndipo tulipokumbuka kutafuta sauti yake kwenye simu zetu, tukakuta hakuna. Tulizungumza naye kila Jumapili miaka yote hiyo, lakini nani humrekodi mama yake anapouliza umekula nini? Kwa hiyo sauti ya mama duniani ilibaki katika vile vikompyuta vya kijani, basi. Nilimwambia mdogo wangu aende akaichukue. Akasema ataenda shule zikifungwa, haraka ya nini, mle ndani imehifadhiwa salama. Na mimi nikakubali, kwa sababu yeye ndiye mwenye kuijua kazi yake.

Siku yenyewe ilianza kwa simu. Mwalimu wa shule nyingine, isiyo mbali sana, ambayo ilikuwa imeunganishiwa mtandao juzi yake, alipiga akilalamika kwamba kazi zote za watoto zimepotea. Bila Bando alimjibu kama wanavyojibu wote wa fani yake. "Umejaribu kuzima na kuwasha?" Alikuwa amejaribu. Basi akatoa kikompyuta kimoja kabatini, kimekaa humo mpaka chaji imekauka, akakiwasha, akaandika kitu, akakiunganisha na mtandao. Alitazama kioo kwa muda. Akarudia tena jambo lilelile. Kisha akaniita, kwa sauti ya chini ambayo sikuipenda hata kidogo.

Alinieleza kwa sababu ilibidi amweleze mtu. Vikompyuta vile vina nafasi ndogo, kwa hiyo aliweka kanuni: kazi ya mtoto isiyoguswa mwaka mzima ifagiwe, ili wengine wapate pa kuandika. Kanuni nzuri, ilisifiwa kikaoni. Mwaka huo unahesabiwa na saa iliyomo ndani ya kikompyuta. Sasa, kibetri cha saa hiyo ni dhaifu. Chaji ikiisha kabisa, saa inasahau tarehe na kurudi siku kikompyuta kilipotoka kiwandani, miaka mingi nyuma. Na shule inayotegemea sola, chaji inaisha kila mawingu yakitanda.

"Kwa hiyo kazi yote ya watoto ina tarehe ya zamani," alisema. "Hata waliyoigusa leo asubuhi."

"Na haijafutwa siku zote hizo?"

"Kwa nini ifutwe? Saa imekosea, kazi imekosea, vinakosea pamoja kwa amani. Lakini mtandao ukifika, kitu cha kwanza kikompyuta kinauliza saa ngapi. Kinaambiwa. Kinaruka miaka yote hiyo kwa pigo moja. Halafu kanuni yangu inaamka, inaona kila kitu ni cha kale, inafagia."

"Kila kitu?"

"Masomo tuliyoweka sisi hayaguswi. Yanafagiwa waliyoweka watu."

"Na ya mama?"

"Mama ni mtu, dada."

Nilimuuliza, mbona hukuliona hilo, wewe unayetuchomolea waya kutwa kucha? Akasema waya alichomoa. Saa hakuichomoa. Kompyuta zake za majaribio zilikaa mezani, kwenye umeme, zikijua tarehe kama sisi tunavyoijua. Hakuwahi kujifanya maskini kiasi cha kutosha.

Ningeweza kuendelea kumsuta, na Mungu anajua nilikuwa na ya kusema. Lakini wote wawili tulijua jambo ambalo hakuna aliyetaka kulitaja. Shule ya mama ilikuwa inawashiwa mnara siku hiyohiyo. Mwalimu mkuu alikuwa ametupigia mwanzoni mwa wiki kutupa habari njema, na tulimpongeza.

Tukampigia. Simu haipatikani. Bila shaka haipatikani. Yule bwana hupanda kilima nyuma ya ghala ndipo apate alama mbili za simu, na hupanda akiwa na shida, si akiwa na sherehe. Tukawapigia wenye mnara. Akapokea dada mmoja wa kwenye mashine, mwenye furaha isiyo na sababu, akatuambia tubonyeze moja, tubonyeze tatu, tusubiri. Tulipompata binadamu, akataka namba ya mnara. Mdogo wangu akamwambia hana namba, ana jina la shule. Binadamu akasema bila namba hawezi kumsaidia, akatutakia siku njema. Mkubwa wa kazi wa mdogo wangu naye alimsikiliza vizuri, akamwambia aliandike jambo hilo ili lijadiliwe.

Kurekebisha kwenyewe hakukumchukua muda. Nilikuwa sijamaliza pindo la sketi alipoinua uso, akasema tayari, kanuni imerekebishwa. Nikashusha pumzi. "Si uitume basi?"

"Niitume kwa njia gani? Ili vinipokee lazima vipate mtandao. Vikipata mtandao, kabla havijanifikia mimi, vinauliza saa. Vikijua saa, vinafagia. Ndipo vinakuja kwangu kuuliza kama kuna jipya."

"Zima hiyo seva yako, visikupate."

"Saa haitoki kwangu, dada. Hata nikifa sasa hivi, vitafagia."

Dawa ilikuwepo, na mlango pekee wa kuipitishia ndio uliokuwa unamuua mgonjwa. Akaweka dawa hiyo kwenye flashi, akavaa viatu, akatoka mpaka getini. Kwa basi ni siku nzima mpaka mji wa karibu na kule, halafu kuna kipande cha kutembea. Alirudi akaketi, viatu miguuni, flashi mkononi. Nilitaka kumpiga kibao na nilitaka kumpakata, na sikufanya lolote kati ya hayo mawili. Nilirudi kwenye cherehani nikashona mshono ambao baadaye ilibidi niufumue.

Muda wote huo mama alikuwa hapo katikati yetu. Tulinong'ona juu ya kichwa chake kama watu wanaogombea urithi, na alianza kukasirika, kwa sababu hajawahi kuvumilia mtu anayenong'ona darasani. Alimgusa mdogo wangu kwa mkono wa kushoto, akainua nyusi: kuna nini? Bila Bando akasema, "Kazi tu, mama." Na mimi mwenye mdomo mrefu sikuweza kumsaidia, kwa maana utamwambia nini mtu kama huyo? Kwamba alichopoteza mara moja anakipoteza mara ya pili, na mikono iliyofanya hivyo ni ya mwanawe?

Kila kikompyuta kikiungana kwa mara ya kwanza, hutuma salamu. Kwenye kioo cha mdogo wangu hutokea mstari mmoja: jina la shule na namba ya kikompyuta. Ofisini wakiona mistari hiyo hupigana viganja. Mstari wa kwanza wa shule ya mama ulitokea jua likiwa limeshahama dirishani kwangu. Mdogo wangu aliutazama tu. Ukaja wa pili. Kisha ikaja mingi pamoja, nikaelewa kwamba kule watoto wamekaa wamepanga mistari na mwalimu mkuu amewaambia washeni wote. Kila salamu ilikuwa inatuambia kwamba kimoja kimeshafagiwa.

Mama alisoma jina la shule yake pale kioo kilipojaa. Akaangaza uso upande ule unaoweza kuangaza, akaweka mkono wake mzima begani kwa mwanawe, akampigapiga polepole, kama alivyokuwa akimfanyia akileta matokeo mazuri. Alidhani anampongeza.

"Asante, mama," alisema Bila Bando.

Nilikuwa nasimama nitoke nje ndipo simu yake ilipoita. Alikuwa mwalimu mkuu, kwa video, picha inang'aa kama yuko chumba cha pili. "Kijana wangu," alisema, "wewe ndiye wa kwanza kupigiwa kwa mtandao huu. Mama yuko karibu? Wanawe wamekataa kwenda nyumbani bila kumsalimia." Kabla hatujapata uongo wa kumpa, mama alikuwa ameshanyoosha mkono, na hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kumnyima mama simu. Tukamshikia.

Vichwa vilijaa kwenye kioo, vingine nusu, vingine meno tu. "Shikamoo, Mwalimu," waliimba kwa pamoja.

Wakasubiri. Mama naye alikuwa anawatazama mmoja mmoja, kama anaita mahudhurio. Mtoto wa mbele, msichana mwenye sweta iliyopotea vifungo, hakuweza kungoja. "Mwalimu, hadithi zako zimetoweka kwenye kompyuta. Tumetafuta zote. Tusomee tena."

Mama akanigeukia. Akamgeukia mdogo wangu, akamkazia macho muda mrefu, na nikaona wazi kwamba ameelewa, si yote, lakini ya kutosha. Bila Bando aliinamisha kichwa. Kisha mama akakirudia kioo, akafungua mdomo, ikatoka ile sauti.

Watoto wakarudi nyuma kidogo. "Mtandao unakatakata," alisema mwalimu mkuu, akiipigapiga simu. "Mnatusikia huko?"

"Tunawasikia, Mkuu," mdogo wangu akajibu. "Ni mtandao."

"Basi mwamkieni tena, kwa sauti."

Wakaamkia tena, kwa nguvu kuliko mwanzo. Mama alikuwa amefumba mdomo na machozi yanamshuka, na shikamoo ya watoto wote wale ilikuwa inaning'inia pale bila wa kuipokea. Sikuweza kuvumilia. Nikainama nyuma ya kiti, mahali wasiponiona, nikaitikia kwa sauti ambayo watu husema inafanana na yake, "Marahaba, wanangu, hamjambo?"

Watoto wakasogelea kioo. Walikuwa wameisikiliza sauti ya mama kila siku ya shule, mara mia kwa kila hadithi. Yule msichana aliutazama mdomo wa mama, ambao haukuwa umesogea.

"Huyo si Mwalimu," alisema.