Chapati za Jumanne

Chapati zile hazikuwa za wizi. Naanza na hilo kwa sababu juzi, kwenye harusi ya binti ya ndugu yangu, mtoto wa binamu yetu mmoja alisimama na soda mkononi akawachekesha watu kwa kisa cha dada mkubwa aliyekuwa akiwalisha yatima chapati Jumanne, kama wake wa machifu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Chapati za harusi hiyo nilizipika mimi, na yeye alikuwa amekula na kurudia.

Mtu ambaye hakukulia kwetu huenda asielewe kosa la Jumanne. Miaka ile ya sabini, katika vijiji vya kandokando ya Mwingi, chapati ilikuwa chakula cha Krismasi. Mwaka mzima tulikula isyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, au ugali na mboga ya kunde. Krismasi ikifika, unga wa ngano ulinunuliwa na harufu ya chapati ikatoka kila boma kwa wakati mmoja, hata haikuwa ya mtu yeyote. Lakini ikitoka boma moja tu, siku ya kazi, wapita njia walisimama. Waliuliza kuna nini. Na ikitoka kwa watoto waliofiwa hawakuuliza chochote, kwa sababu walikuwa wameshajijibu.

Mama alitangulia. Baba, ambaye alikuwa akipakia mbuzi kwenye malori pale Mwingi, alimfuata kabla mahindi aliyopanda mama hayajavunwa. Tukabaki watatu: mimi niliyekuwa nimemaliza darasa la saba, ndugu yangu aliyekuwa darasa la nne, na kitinda mimba wetu, msichana ambaye hata vifungo vya rinda lake alikuwa hajui kuvifunga. Nafasi yangu ya fomu wani ilichukuliwa na mtu mwingine. Natumaini aliitumia vizuri.

Nilipata kazi mjini kwa familia ya Kiislamu ambayo wazee wake walitoka pwani. Nilifua na kufagia asubuhi, mchana nikarudi kwetu. Siku moja mama wa nyumba ile aliniona nimesimama mlangoni namwangalia akikanda unga. Akanisogezea sinia.

"Nawa mikono uje," alisema. "Ukisimama huko hutajua unga umeshiba maji lini."

Alinifundisha kukanda kwa maji ya moto, kuufunika unga na kuuacha ulale, kuusukuma, kuupaka mafuta, kuukunja kama konokono na kuusukuma tena ili chapati itoke na matabaka. Alinifundisha pia kaimati, vile vidonge vya unga wenye hamira unavyodondosha kwa vidole kwenye mafuta ya moto, kisha unavigaragaza kwenye shira ya sukari yenye iliki. Familia hiyo ilikuwa na duka. Kila Jumatatu gunia jipya la unga lilifunguliwa, na uliobaki chini ya gunia la zamani ulikuwa wangu, pamoja na mafuta kidogo katika mkebe. Sukari nilinunua mwenyewe. Jumanne ilikuja kwa sababu hiyo, wala haikuwa na siri nyingine.

Kwa nini sikuuza unga ule nikanunua mahindi? Swali hilo nimeulizwa na watu wazima waliojaa shibe. Jibu ni kwamba mdogo wangu, yule kitinda mimba, alikuwa ameacha kula. Isyo aliitema. Ugali aliuficha chini ya kiti, kuku wakaufuata huko. Mikono yake ilikuwa imekonda hadi ndugu yangu akaacha kumtania. Jumanne ya kwanza nilipoweka karai motoni, alitoka chumbani akakaa kando ya mafiga bila kuitwa. Nilimpa chapati ya kwanza, ile ambayo huwa haitoki vizuri, nikaikunja na sukari ndani. Aliila akiwa ameishika kwa mikono miwili.

"Ni Krismasi?" akauliza.

"Hapana. Ni Jumanne."

Akafikiri kidogo. "Itakuja tena?"

"Itakuja."

Jumatano alikula isyo. Aliila kwa shida, akinuna, lakini aliila, kwa sababu sasa alijua anaelekea wapi. Tangu hapo hatukukosa. Jumanne tuliweka mkeka, tukala tumekaa, mlango wazi, hakuna aliyeambiwa ale haraka wala apunguze. Siku nyingine sita nilikuwa mkali kama jemadari. Siku hiyo moja nilitaka wajue kwamba kwetu bado ni nyumbani.

Sasa shangazi. Alikuwa dada mkubwa wa baba, ameolewa Sultan Hamud. Lazima nieleze aliniitaje. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na baba na ndugu zake humwona kama mama yao. Tangu nikiwa mgongoni shangazi aliniita Mwaitu, maana yake mama yangu. Mwaitu, lete maji. Mwaitu, nipakulie. Mwaitu, hii kanga ina doa, nifulie. Nilikuwa mama wa kutumwa.

Alitokea bila habari, Jumanne, mafuta yakiwa yamechemka.

"Mwaitu," alisema kabla ya kuketi, "nani ameoa hapa?"

"Hakuna, shangazi. Karibu."

"Basi kuna aliyezaliwa."

"Hakuna."

"Kwa hiyo Yesu amezaliwa mara ya pili mwaka huu, na kanisa letu halijaambiwa."

Ndugu yangu alicheka. Nilimkanyaga mguu. Nikampakulia shangazi, naye akala kama tulivyokula sisi, ila yeye alikula akisikitika. Alipofika kwenye kaimati alinusa.

"Na hii harufu nyingine?"

"Ni iliki."

"Iliki," alirudia, kama mtu anayetajiwa jina la ugonjwa. Akalamba vidole, akainuka, akaenda moja kwa moja kwa baba mdogo, mdogo wao wa mwisho, ambaye boma lake lilikuwa ng'ambo ya mto mkavu.

Habari zilinifikia kupitia jirani yetu. Shangazi alikuwa amesema kwamba watoto wa marehemu wameharibika. Mtoto akizoea chapati hatashika jembe. Mtu mwenye unga wa ngano hakosi kitu, na kama hakosi kitu, anapewa na nani, na kwa nini? Hivyo tugawanywe. Mdogo wangu angekwenda Sultan Hamud kulea wajukuu wa shangazi, yeye ambaye mwenyewe alikuwa wa kulelewa. Ndugu yangu angeacha shule achunge mbuzi wa baba mdogo. Mimi ningetafutiwa mume. Kikao kingekuwa Jumanne iliyofuata, kwa kuwa siku hiyo baba mdogo hakuwa na soko.

"Sikiliza," jirani aliniambia. "Siku hiyo pika isyo, tena bila kitunguu. Mvalishe mdogo wako lile rinda lililochanika. Wakiona mna shida watawaonea huruma."

Nia yake ilikuwa njema, na iliniuma kuliko maneno ya shangazi. Tangu mazishi, hakuna jamaa aliyetuletea hata debe la mahindi. Tulipolala njaa hatukuitiwa kikao. Kikao kiliitwa tuliposhiba. Na sasa, ili tuachwe pamoja, ilitakiwa niwavalishe ndugu zangu matambara na kuwalisha chakula kisicho na ladha, waonekane yatima wa kutosha. Nilimshukuru jirani kwa ushauri. Kisha nikaenda mjini nikaomba unga zaidi.

Nilipika siku hiyo kama sijawahi kupika. Niliamka nikakanda, nikauacha unga ulale chini ya kitambaa chenye unyevu, nikachemsha kunde na kuzitia maziwa na kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa cha kahawia. Chapati zilijaa sufuria nzima, laini, zenye madoa mazuri. Kaimati nilizidondosha ndogondogo, nikazichovya kwenye shira ikiwa bado inavuta nyuzi. Mdogo wangu nilimvalisha rinda la Krismasi. Milango yote niliifungua, na upepo wa siku hiyo ulikuwa ukielekea barabarani. Sikuuzuia.

Walifika. Baba mdogo aliketi kwenye kiti cha baba bila kufikiri, kisha akakumbuka, akahamia stuli. Niliwanawisha mikono, nikawapakulia. Walikula. Baba mdogo alinyoosha sahani mara ya pili, shangazi akamtazama, lakini hakuirudisha.

"Mwaitu," baba mdogo alianza hatimaye, akijifuta mdomo. "Tumekuja kwa jambo zito. Nyinyi ni watoto. Tumeonelea..."

"Baba mdogo," nilisema, "nikuulize kitu kwanza. Mimi ni nani kwako?"

"Wewe? Wewe ni mwaitu. Kila mtu anajua."

"Nyanya alipopika, uliwahi kumwuliza kwa nini amepika?"

Alicheka kwa mshtuko. "Angenichapa na mwiko."

"Na babu alipokufa, wewe ukiwa bado hujaanza kutembea, nyanya aliwagawa kwa nani?"

Hapo hakucheka. Wote wawili walijua. Nyanya alifiwa na mume akiwa na watoto sita, jamaa wakaja kuwachukua mmojammoja, naye akakataa. Kisa hicho walitusimulia wao wenyewe, kila Krismasi, kwa fahari, chapati zikiwa mkononi.

"Usitulinganishe," shangazi alisema. "Huyo alikuwa mama yetu. Wewe umepewa jina lake tu."

"Jina tu?" nilisema. "Basi shangazi, kuanzia leo niite kwa jina lingine, na maji ya kunywa umtume mtu mwingine."

Nilidhani nitapigwa. Mdogo wangu alikuwa amesogea nyuma yangu, ameshika sketi yangu kwa vidole vya shira. Baba mdogo alitazama sahani yake tupu, akamtazama dada yake.

"Jina la mama si jina tu," alisema polepole. "Mbona mimi binti yangu wa kwanza, mwenye jina hilohilo, humkemei, unamwogopa? Mwaitu amesema. Watakaa hapa."

"Na chapati?" shangazi akauliza.

"Chapati," baba mdogo alisema, "nimezila."

Tulikaa pale, sote watatu, hadi ndugu yangu alipomaliza shule na mdogo wetu akaolewa akiwa na mashavu yaliyojaa. Lakini hasira yangu haikuishia kwenye kikao kile, na nadhani haitaisha. Tuliachwa pamoja kwa sababu ya jina la nyanya. Kazi yangu haikuhesabiwa, wala mikono ya mdogo wangu iliyorudisha nyama. Na wale watoto wa jirani waliofiwa miaka michache baadaye, ambao dada yao mkubwa aliitwa jina la mtu wa upande wa mama? Waligawanywa kwa siku moja. Hata hawakupikiwa chochote kabla ya kwenda.

Jioni ya kikao, shangazi alipokuwa akiondoka, nilimfungia kaimati katika gazeti apelekee wajukuu wake, maana wao hawakuwa wamenikosea. Mmoja wao ndiye yule wa soda kwenye harusi. Shangazi alipokea bila kushukuru, akatembea hadi kwenye ua wa miiba, akasimama.

"Mwaitu," aliita, bila kugeuka vizuri. "Hiyo iliki unaipata wapi?"

"Mjini, shangazi."

Alisubiri. Kopo la iliki lilikuwa mkononi mwangu, na aliliona. Nililifunika, nikarudi jikoni kuosha karai.