Hodi Tatu Maskati

Wasomaji wangu mtanisamehe, leo sina la kuchekesha. Msafiri aliyetoka Maskati kaniambia kwamba rafiki yangu wa miguu amefariki, peke yake, katika chumba cha kupanga kule Matrah. Namwita wa miguu kwa sababu tulijuana kwa kutembea tu. Meli niliyofanya kazi ilitia nanga pale siku tatu, mwaka mmoja baada ya mapinduzi ya Unguja, naye, Muunguja mwenzangu, alikuwa amekimbia na nguo alizovaa. Mimi nilitaka kuuona mji. Yeye alimtafuta mdogo wa kike wa marehemu mama yake, ndugu pekee aliyembakia, ambaye hakumjua hata kwa sura. Alijua tu kwamba anaishi ndani ya kuta za Maskati.

Tulizunguka vichochoro, joto likitoka juani na majabalini, na kila mlangoni aliita hodi kwa Kiswahili. Wenyeji walitushangaa. Alitumaini kwamba atakayeitika "Karibu" ndiye. Jirani na lango kubwa palikuwa na mlango mfupi wa buluu. Aliita mara tatu, kimya. Alipotaka kuita tena nikamshika mkono.

"Bwana, hodi ni tatu. Zaidi ya hapo si uungwana."

"Lakini nnasikia mtu ndani."

Miguu ilikuwa ikiniuma, nataka kivuli. Akanifuata.

Miezi mitano baadaye nilipita tena, rafiki yangu akiwa kahamia Matrah, nje ya kuta, tukaishika njia ile ile. Mlango wa buluu ulikuwa wazi, majamvi ya matanga yametandikwa nje. Bibi mmoja, mzaliwa wa Unguja, alisikia mazungumzo yetu akamkazia macho rafiki yangu.

"Ndo wewe uliyepiga hodi siku ile? Marehemu alikusikia, mwanangu. Alikuwa kakaa eda, hawezi kumwitikia mwanamme asomjua. Kasema, 'Huyo huenda mtoto wa dada yangu, akiita tena ntatuma mtu.' Hukuita. Alipotoka eda kakutafuta mji mzima. Jana tumemzika."

Rafiki yangu hakunilaumu. Laiti angenilaumu. Tulipoteza nchi, tukabaki na adabu zetu, na mimi nilizitumia kumnyima mtu ndugu yake. Msafiri ananiambia kwamba siku alizougua, jirani alimpelekea uji, akaita hodi tatu, akarudi nao. Wanangu bado nawafunza hodi tatu. Ila nawaambia, mkisikia mtu ndani, iteni ya nne, na aibu yake iwe juu yangu.