Maneno Niliyompunguzia Bibi

Harufu ya samli iliyokaa sana kibuyuni hunirudisha hadi leo kwenye nyumba ya bibi, kijijini, nje kidogo ya Isaka, kiangazi kile cha kuvuna pamba. Nilikuwa darasa la nne. Mama alikuwa machimboni Geita akiwapikia wachimbaji, nami niliishi na bibi, sisi wawili na ng'ombe watatu. Asubuhi tulichuma pamba hadi vidole vikachubuka, mchana tulisikia kwa mbali mabehewa yakigongana bandari kavu, na jioni bibi alikaa kwenye kigoda, akateremsha khanga begani, nikampaka samli iliyochanganywa na unga wa mizizi kwenye titi la kushoto. Hapo palikuwa na uvimbe mgumu kama karanga isiyomenywa. Haukumuuma, kwa hiyo haukumtisha.

Bibi alisema ni tambazi, na kwetu neno hilo lilitosha. Tambazi ni uvimbe unaotambaa mwilini, na kila mtu kijijini alijua sharti lake: hauchomwi sindano wala hauguswi na kisu. Ukiuchoma, mgonjwa haioni kesho. Watu walitaja majina ya waliokufa hivyo. Leo nadhani wengi wao walifikishwa hospitali wakiwa wameshachelewa. Sindano ndiyo iliyoonekana mwisho, ikabeba lawama. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini bibi hakuficha. Alimwonyesha kila mwanamke aliyekuja kuomba chumvi, na wote wakakubaliana naye.

Ngozi ilipopasuka na kuanza kutoa maji, ndipo alipokubali twende zahanati, apate dawa ya kupaka tu. Tabibu alikuwa kijana wa pwani aliyehamia karibuni, hajui Kisukuma hata salamu. Bibi alimwambia, "Mwangaluka." Akajibu, "Ndiyo, mama." Bibi akaninong'oneza kwamba serikali imetuletea redio, inaongea lakini haisikii. Bibi naye hakujua Kiswahili, basi mimi nikawa mkalimani.

Alimpima bila haraka. Akabonyeza kwapani, akakuta tezi zimevimba. Kisha akanieleza mimi, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumweleza. Alisema ndani ya damu mna chembe nyeupe, askari wa mwili, na kazi yao ndiyo inayoitwa kinga. Neno kinga nililijua. Sote tulilijua tangu machimbo yalipoanza kuturudishia vijana waliokonda. Vimelea wakiingia kwenye jeraha, alisema, hayo ni maambukizi, na askari huwatambua mara moja kwa sababu ni wageni.

"Lakini hii ya bibi yako nadhani si ya wageni," alisema. "Ni seli zake mwenyewe zimeacha utaratibu, zinaongezeka bila kukoma. Askari wanaziona ni wenyeji, wanazipisha. Inaitwa saratani. Mwambie aende Mwanza, wakate kinyama kidogo wakipime. Mwambie asichelewe."

Nilielewa. Ningependa kusema sikuelewa, maana mtoto husamehewa kutoelewa, lakini yule kijana alieleza vizuri kuliko mwalimu wetu. Nikamgeukia bibi, nikasema kwa Kisukuma, "Anasema kidonda kimeingia wadudu. Atakupa vidonge."

Bibi alinitazama. "Amesema maneno mengi. Mbona yako machache?"

"Kiswahili ni kirefu, bibi."

Tabibu akauliza kama amekubali. Nikamjibu kwamba amekubali. Akaandika barua ya rufaa, nikaikunja, nikaitia ndani ya daftari langu la sayansi.

Kwa miaka mingi nilimwambia mume wangu kwamba nilifanya vile kwa sababu ya tambazi. Kwamba ningetaja kukata, bibi angeinuka na kuondoka hata bila vidonge. Ni kweli, ila ni nusu. Nusu ya pili ni kwamba nilifikiria siku za Mwanza nikajiona nimebaki peke yangu na ng'ombe, au nimepelekwa machimboni kwa mama ambaye sura yake ilikuwa imeanza kunipotea. Sikutaka bibi aende. Ndivyo ilivyokuwa.

Vidonge vilikausha maji kwa wiki mbili, na bibi akamsifu yule kijana wa redio. Mvua za kwanza ziliponyesha, mkono wake wa kushoto ulivimba, akashindwa kushika jembe. Mama alikuja, akampeleka Mwanza, wakarudi wameambiwa imeshasambaa. Alifariki kabla mahindi hayajakomaa. Barua niliitia motoni siku za matanga, chini ya sufuria ya ugali wa waombolezaji, na hakuna aliyeuliza ni karatasi gani. Sijui kama angepona. Niliwahi kumuuliza daktari mmoja, akaniambia kwa upole kwamba hakuna awezaye kunijibu.

Sasa naishi mjini, Nyasubi, nashona sare za shule. Neno saratani siku hizi hutajwa hata sokoni, na wanawake hufundishwa kujipapasa matiti wenyewe. Tambazi nayo ipo bado, na sharti lake ni lile lile. Mwaka huu mdogo wake bibi, ambaye naye namwita bibi, aliletwa kwangu na uvimbe mahali pale pale. Binti yangu, aliye darasa la tano, alitaka aingie naye kwa daktari kumtafsiria. Nikamwambia akae nje kwenye benchi, nikaingia mimi.

Daktari alisema anashuku saratani ya titi, na kwamba atachukua kinyama kwa sindano. Nikamgeukia bibi nikaanza kwa Kisukuma. Nilimweleza askari wa mwili, na wageni, na wenyeji walioasi. Neno saratani nililiacha kama lilivyo, maana silijui jingine. Nilimwambia sindano ni nene na huenda ikauma, kwamba waliokufa kwa tambazi walichelewa hospitali, kwamba akilazwa nitalala naye. Daktari aliweka kalamu chini, akasubiri.

"Yeye amesema machache," bibi akasema. "Wewe mbona mengi hivyo?"

"Mengine ni ya dada yako," nikamwambia.

Kisha akateremsha khanga begani, akaniambia nimwambie daktari alete hiyo sindano.