Kava Mpya na Mtaro wa Jirani

Aliyeziba mtaro ni jirani yangu wa upande wa juu, mwenye duka la mabati hapa Haydom. Sizunguki. Alitaka stoo kubwa, akajenga juu ya mtaro wa maji ya mvua. Nilipomuuliza maji yatapita wapi, akanijibu, "Yatajijua yenyewe."

Yakajijua. Yalikuja mchana kwenye kibanda changu cha diski za gemu, ukuta wa nyuma ukaniangukia. Wauza mitumba ndio walionitoa, nina tope mdomoni na mguu umevunjika sehemu mbili.

Niliporudi kutoka wodini, diski nyingi zilikuwa bado zinacheza. Makasha ya plastiki nayo yalikubali sabuni. Karatasi za kava ndizo zilizogeuka uji. Na bila kava huna biashara, maana wanafunzi wa chuo na watu wanaouguza ndugu zao hospitalini huchagua gemu kwa kutazama rafu. Ukiwapa diski iliyo kwenye kasha tupu, wanakuambia ni feki.

Basi nikahamia kwa dada yangu, mwalimu, mwenye printa. Mimi niliishia darasa la nne, ila macho ninayo. Dada akatafuta picha za kava mtandaoni. Ya kwanza ilitoka ndogo, printa ilikuwa imeipunguza yenyewe. Nikapima kasha kwa rula, sentimita ishirini na saba na kidogo kwa kumi na nane na kidogo, dada akaizuia printa isipunguze. Tukatumia karatasi ya picha, ile inayong'aa. Nilikata kwa wembe juu ya ubao, nikakunja mgongo taratibu ili jina la gemu likae katikati. Kava thelathini na moja. Dada akashika moja, akasema, "Kaka, hii ni ya dukani kabisa." Nikafurahi kama mjinga.

Haraka yote ilikuwa kwa sababu wazee wa kitongoji walikuwa wanakuja. Nilikuwa nimepeleka lalamiko: mtaro ufunguliwe kabla ya mvua nyingine. Kwetu wazee hawaamui kwa kuhadithiwa, wanafika mahali penyewe. Na kwetu wazee hawakaribishwi kwenye uchafu. Kwa hiyo nilifanya kama alivyonilea mama. Nikajengesha ukuta na kuusiliba, nikafagia tope lote mkongojo ukiwa kwapani, nikachoma karatasi zilizooza, nikapanga kava zangu mpya. Ushahidi wangu niliusafisha kwa mikono yangu mwenyewe.

Siku wazee walipofika, jirani hakuchelewa. Alinyoosha kidole kwenye rafu.

"Wazee wangu, hizo karatasi zimelala kwenye maji?"

"Nimezichapa upya," nikasema.

"Wewe? Na hilo darasa lako la nne?"

Watu wakacheka. Nikalamba kidole gumba, nikasugua kava ya gemu ya mpira. Wino ukatoka, uso wa mchezaji ukachuruzika. "Mnaona? Nimeichapa nyumbani!"

Mzee mkubwa akakitazama kidole changu chenye wino. "Kumbe unaweza kutengeneza kitu kikafanana na cha kweli," akasema. "Sasa hayo mengine unayotuambia, tutajuaje?"

"Na mguu je, mzee? Nao nimeuchapa?"

"Mwanangu, punguza sauti."

"Mguu unavunjika popote," jirani akadakia.

Wakanywa chai yangu, wakatuambia tupeane mikono tuishi kwa amani. Mtaro haukutajwa tena.

Kwa hiyo walioziba mtaro ni wawili. Jirani, na yule mzee mkubwa, ambaye anajua kabisa mtaro ulipita wapi, maana ujanani alikuwa mmoja wa waliouchimba. Alipomaliza kikombe alipita juu ya mtaro huo kwenda nyumbani, hata chini hakutazama.

Jirani amenizidi miaka kumi. Asubuhi anasimama mlangoni kwake akingoja shikamoo yangu. Nampita na mkongojo wangu, kimya. Watu wanasema sina adabu. Waseme. Atakapoifungua ile njia ya maji, nitamwamkia.