Mkono wa Kushoto Hutangulia

Siku yangu ya kwanza kazini wodi ya wazazi, pale Sumbawanga, matroni alinikuta natafuta mkono wa mtoto mchanga ndani ya shati.

"Wewe binti, unanyonyoa kuku?"

Nikaacha kuvuta. Mkono wa kushoto wa mtoto ulikuwa umelala ubavuni, hauna habari. Matroni akanieleza kwamba bega lilikwama wakati wa kuzaliwa, shingo ikavutika, na neva, yaani nyuzi zinazopeleka amri mkononi, zikaumia.

"Wengi hupona. Kazi yetu ni kulinda viungo visikakamae. Na ushike hili: mkono mgonjwa hutangulia kuvaa, huwa wa mwisho kuvua."

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa. Mitumba ilifurika sokoni, na kila mama alitaka mwanawe atoke wodini na sweta la Ulaya lenye mikono ya kubana. Nilifundisha kuvisha mpaka sauti ikakauka.

Baadaye nikapangiwa chumba cha mazoezi ya viungo, ndipo akaja Mama Kabula, Msukuma, mke wa mfugaji. Kabula, bintiye mchanga, alikuwa na mkono kama ule. Kila baada ya kumnyonyesha, mama aliuinua taratibu, akakunja kiwiko, akageuza kiganja, bila kuvuta. Nilimwambia, miezi mitatu ikitimia kiwiko hakijajikunja chenyewe, lazima aonwe na daktari bingwa.

Haikutimia. Mumewe alikuja kuwachukua.

"Nesi, majani yamekwisha huku. Ng'ombe hawasubiri mkono."

"Baba Kabula, neva nayo haiswagwi kwa fimbo."

Akacheka sana. Kesho yake wakateremka bondeni kufuata malisho.

Nilikuwa nimehamia zahanati moja upande wa Kaengesa alipokuja mama mwingine kutoka bonde hilo, na mtoto mchanga mwenye bega lililoumia. Kabla sijasema neno, akatanguliza mkono mgonjwa kwenye sweta.

"Nani kakufundisha?"

"Mama Kabula. Tulikutana mnadani."

Moyo ukanipasuka kwa furaha. "Na Kabula? Mkono wake unainuka?"

"Alikuwa kamwacha nyumbani, nesi. Tuliongea habari za huyu wangu tu. Nasikia wamehama tena."

Sasa nimestaafu, niko Milanzi. Ninyi wanangu mnaoifanya kazi hii leo mna simu, mnaweza kuuliza. Mimi nimebaki na hamu ya kujua. Nikipita Kizwite nikaona binti wa rika lake anaanika nguo, namkodolea macho begani mpaka anaona haya.

"Shikamoo bibi. Kuna nini?"

"Marahaba mwanangu. Hakuna kitu."

Asubuhi baridi ya Ufipa ikiuma, navaa sweta langu. Mikono yangu ni mizima yote miwili. Wa kushoto hutangulia.